Mlango Uko kwa Fundi

Habari ilipofika, mkasi ulikuwa katikati ya kitambaa.

Dada alikuwa ameinamia meza yake ya kukatia, chumba cha mbele, akikata mapazia ya nyumba ileile ambayo mdogo wake alikuwa anaiwekea milango. Kitambaa kilikuwa kizito, cha rangi ya majivu, mita nane bila kiungo, na kitambaa cha namna hiyo ukishakianza hukiachi njiani. Kwa hiyo kivuli kilipoziba mlango, na sauti ya fundi wa vioo ikasema, "Hodi, Dada," alijibu bila kuinua macho.

"Karibu. Ngoja nimalize mkato."

"Dada, kaa kwanza."

Mgeni akikuambia ukae ndani ya nyumba yako mwenyewe, ujue kuna neno. Dada alijua. Mkono ndio haukujua, uliendelea kukata.

"Sema nikiwa nimesimama."

Fundi wa vioo alikuwa mtu mnene wa masihara, hajawahi kuingia nyumba ile bila utani. Siku hiyo alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Mdogo wako, Kweupe, ametutoka."

Mkasi ulifika mwisho. Vipande viwili vya kitambaa vikaanguka sakafuni, kila kimoja upande wake. Siku nyingi baadaye Dada alipovipima aliona mkato umenyooka kama uliopigwa rula, na jambo hilo lilimtisha kuliko kama ungepinda.

Yaliyotokea hayakuwa na mengi. Mchana mafundi walikunywa chai, kila mtu akatafuta pa kujinyoosha. Kweupe alikaa pale alipopenda kukaa siku zote, katikati ya mlango. Milango ya sebule ilikuwa imefunguliwa yote, imekunjwa upande mmoja kama barua, naye akakaa sakafuni, mgongo sebuleni, miguu bustanini. Walidhani amesinzia. Fundi wa vioo alimtania, "Wewe, uko ndani au uko nje? Amua, tufunge mlango." Hakuamua. Daktari alisema ni moyo.

"Aliteseka?" Dada aliuliza.

"Hata kidogo. Alikaa kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kuvaa viatu."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nane hivi."

Dada alishukuru kwa sauti ndogo, akamshukuru na Mungu kwa kuwa mdogo wake hakuanguka kutoka juu, maana hilo ndilo alilokuwa akiliombea kila asubuhi kwa miaka ishirini. Kisha akakumbuka kuwa kuna mtu mmoja ndani ya nyumba ambaye hajaambiwa.

Chumba cha Mama kilikuwa mwisho wa ukumbi. Ukumbi wenyewe ulikuwa mwembamba, watu wawili wakikutana mmoja anarudi nyuma, na mwishoni ulikuwa na kona kali kama kiwiko. Ukiipita kona ndipo unauona mlango. Dada alitembea akipanga maneno. Alipanga aanze na sala, kisha aseme mapenzi ya Mungu, kisha aseme jina. Alipofika, Mama alikuwa amelala ameelekeza uso ukutani.

"Huyu mdogo wako kaja mapema leo," Mama alisema. "Kagonga, nikamwambia pita, mpaka sasa hajaingia. Umemwona huko mbele?"

"Kagonga saa ngapi, Mama?"

"Kengele ya shule ilikuwa ndiyo kwanza inalia."

Kengele ya shule ya jirani hulia saa nane. Dada aliketi ukingoni mwa kitanda. Kitanda kikasogea kidogo chini yake, kwa sababu kilikuwa na magurudumu, na maneno yote aliyokuwa ameyapanga yakapotea.

Habari ya kugonga, na habari ya magurudumu, zote mbili zilikuwa kazi ya Kweupe.

Jina hilo alipewa na mafundi wenzake. Alikuwa fundi wa milango ya alumini na vioo, ile mipana ya nyumba za siku hizi, ambapo ukuta mzima wa sebule unakunjwa au unateleza pembeni na bustani inaingia ndani. Mtu akimwonyesha ramani ya nyumba, aliweka kidole juu ya ukuta wowote mrefu na kusema, "Hapa tuweke kweupe." Kidole chenyewe kilikuwa cha mkono wa kulia, wenye vidole vinne tu, maana kidole cha mwisho kilibaki kwenye mashine ya kukatia alumini alipokuwa anajifunza kazi. "Sikukipoteza," alikuwa akisema. "Nimekiacha rehani."

Alikuwa na imani zake kuhusu nyumba, na alizishika kama wengine wanavyoshika dini. Sakafu ya ndani na ya nje lazima ziwe sawa, kigae kilekile kitoke sebuleni kiende mpaka kibarazani, pasiwe na kizingiti cha kumkwaza mtu. Reli ya mlango izamishwe sakafuni. Paa litokeze mbele hatua tatu, jua la mchana lisiwachome watu wala mvua isiwafuate ndani. Kama kuna mti, usikatwe, nyumba izunguke. Wenye nyumba walimsikiliza kwa sababu alisema kama mtu aliyewahi kuishi humo. Hakuwahi. Yeye, Dada yake na Mama yao waliishi katika nyumba ya vyumba vinne aliyoijenga marehemu baba yao, yenye madirisha madogo ya juu na milango ya mbao inayovimba mvua ikinyesha. Hakuoa. Akiulizwa, alijibu kuwa bado anatafuta mwanamke mwenye nyumba isiyo na kizingiti.

Dada, yeye, alikuwa mshona mapazia. Aliolewa, akaachwa mjane mapema, akarudi nyumbani na cherehani yake. Kazi za kaka na dada zilifuatana kama mvua na matope: Kweupe akishafungua nyumba ya watu, mwenye nyumba hulala siku mbili akijiona kama yuko barabarani, siku ya tatu anamtafuta mtu wa mapazia. "Mimi nafungua, wewe unafunga," Kweupe alikuwa akimwambia. "Tunakula wote."

Miaka minne iliyopita Mama alianguka, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga vibaya. Kumgeuza kitandani kuliwezekana. Kumwinua ilikuwa kumuua. Mara moja walijaribu kumbeba kwa shuka kumpitisha ile kona ya ukumbi, akazimia kwa maumivu kabla hawajafika mlango wa mbele. Tangu siku hiyo dunia ya Mama ilikuwa dari, kidirisha kimoja cha juu kinachoonyesha anga kiasi cha leso, na ukuta. Nyuma ya ukuta huo, upana wa tofali moja tu, ulikuwapo ua: mlimau, kamba ya nguo, mawe mawili ya kukalia, na jua.

"Nataka tu kuona kunavyokucha," Mama alisema siku moja, si kwa kulalamika.

Kesho yake Kweupe alirudi na magurudumu manne ya kitanda cha hospitali, akayafunga kwenye miguu ya kitanda cha Mama. Wiki iliyofuata akaleta fremu ya milango ya kukunja, mita mbili na nusu, na vioo vyake, akavifunika kwa turubai na kuviegemeza ukutani upande wa uani. Siku ya tatu akaja na nyundo na tindo.

Dada ndiye aliyesimama mbele ya ukuta.

Alikuwa na sababu nyingi, na zote alizisema. Wezi. Mbu. Mvua. Lakini iliyokuwa chini ya zote ni kwamba ukuta ule aliujenga baba yao kwa mikono yake, tofali kwa tofali, akizifyatua mwenyewe jioni baada ya kazi, na Dada akiwa msichana wa miaka tisa ndiye aliyekuwa akimchotea maji. Kweupe alikuwa bado anatambaa. Hakukumbuka kitu. Kwake ulikuwa ukuta tu.

"Unabomoa nyumba za watu, umezoea," Dada alimwambia. "Ya Baba hutaigusa."

"Sibomoi, Dada. Nafungua."

"Ukuta huu hautatobolewa mpaka siku atakapotoka mtu humu amebebwa."

Hakumaanisha mabaya. Lilikuwa neno la hasira, la kufunga mazungumzo. Lakini kinywa huumba, na hata wakati ule aliona uso wa mdogo wake ukibadilika, kama mtu aliyeona kitu nyuma ya mgongo wake. Kweupe aliweka nyundo chini. Hakuuzungumzia tena ukuta ule, wala hakuiondoa fremu.

Ila alianza kugonga. Kila siku akirudi kazini hakupita mbele. Alizunguka uani kwanza, akagonga ukuta wa Mama kwa kifundo cha kidole: mara mbili, akatulia, kisha mara moja. Mama kutoka ndani anajibu, "Pita!"

"Nipite wapi, Mama? Mlango uko wapi?"

"Mlango uko kwa fundi!"

Wanacheka wote, mmoja ndani, mmoja nje. Kisha Kweupe anazunguka nyumba nzima, anaingia mlango wa mbele, anapita ukumbi, anakata kona, anaingia chumbani akihema kwa makusudi kama aliyetoka safari ya mbali. Miaka mitatu utani huohuo, na haukuchacha.

Basi siku ile Mama alipoambiwa, hakupiga yowe. Alimtazama Dada, akauliza kama mwili umefunikwa vizuri. Kisha akasema, "Kwa hiyo alikuja kuaga," akageukia tena ukuta, na machozi yakamtoka bila sauti mpaka mto ukalowa.

Mchungaji alipokuja aliambiwa habari ya kugonga. Alikuwa mtu wa busara, hakucheka wala hakukemea. Alisema waliolala wako mikononi mwa Mungu na hawazururi, lakini sikio la mama lina mlango ambao Mungu peke yake ndiye anayejua nani anaugonga. Wakasali. Dada aliitika amina kwa moyo wote.

Siku ya pili, akiwa jikoni anawaandalia wageni chai, kengele ya shule ililia, naye akasikia kwa masikio yake. Mara mbili. Kimya. Mara moja.

Alitoka uani na birika mkononi. Hapakuwa na mtu. Fremu ilikuwa pale ilipokuwa miaka yote, imeegemea ukuta ndani ya turubai lake, na ncha moja ya kamba ilikuwa imelegea ikining'inia na kipande cha chuma. Dada alisema moyoni: ni hiki, ni upepo. Aliweka birika chini, akaifunga kamba mafundo matatu, akaikaza mpaka kucha zikauma. Alipomaliza ndipo alipoona majani ya mlimau yametulia, na nguo kwenye kamba zimenyooka chini kama zilizopigwa pasi.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu, alikwenda na fundi wa vioo kuchukua vifaa vya marehemu katika nyumba aliyofia. Alikuwa ameipima mara nyingi kwa ajili ya mapazia, lakini alikuwa ameipima tu, hakuwa ameiona. Sasa aliiona. Sebule haikuwa na mwisho. Kigae kilitoka chini ya miguu yake kikapita mlango, kikaenda mpaka kwenye nyasi bila kubadili rangi. Katikati ya nyumba waliacha uwazi bila paa, na ndani yake mti uliokuwapo kabla ya nyumba, vyumba vyote vikiutazama. Vioo vilikuwa vimefungwa siku hiyo, na ndani ya vioo bustani ilijirudia, hata usijue ni majani gani ya kweli. Dada alimwona mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani akija kutoka bustanini, na nyuma yake, mbali kidogo, mtu amekaa chini. Aligeuka ghafla. Nyuma yake palikuwa na mifuko ya saruji imerundikwa, imefunikwa koti.

"Ni koti lake," fundi wa vioo alisema. "Hakuna aliyethubutu kulitoa."

Mwenye nyumba, mama mmoja mpole, aliwaongoza mpaka kwenye kioo cha mwisho. Kiasi cha kifua cha mtu palikuwa na alama ya kiganja cha kulia, ya vumbi la alumini. Vidole vinne.

"Nimemkataza msafishaji," alisema. "Sijui nifanye nini, dada yangu. Nikikaa ndani naona kama mtu anasukuma atoke. Nikikaa nje naona kama anasukuma aingie."

Dada aliutazama mkono ule. Aliinua wake, akautua juu yake, kisha akautoa haraka kwa sababu kioo kilikuwa na joto la jua, kama joto la mtu.

Kwenye sanduku la vifaa mlikuwa na pima maji, bisibisi, tindo, na ufito wa mbao uliokuwa laini kwa kushikwa, wenye urefu wa zaidi kidogo ya mita moja.

"Huu wa nini?" Dada aliuliza.

Fundi wa vioo aliupokea mikononi. "Huo ni Mama."

"Mama nani?"

"Mama yenu. Ni upana wa kitanda chake, pamoja na magurudumu. Alikipima siku ile ile alipoyafunga. Kila mlango tuliouweka, nyumba yoyote, kabla ya kukabidhi alipitisha ufito huo kutoka ndani mpaka nje, polepole, ameulaza namna hii. Ukipita bila kugusa, anasema, 'Mama ametoka.' Basi ndipo tunafunga kazi." Alijaribu kucheka. "Wenye nyumba wanadhani ni mambo ya kiufundi. Mji huu umejaa watu wanaopita kwenye kitanda cha Mama na hawajui."

Dada alirudi nyumbani ameubeba ufito kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa kuazima.

Siku ya tatu, baada ya chai ya mchana, ndugu walikutana chumba cha mbele kupanga mazishi. Baba Mdogo, ndugu wa marehemu baba yao, ndiye aliyeongoza. Kaburi limepatikana. Kwaya imekubali. Mwili utafika nyumbani kesho mchana, watu waage, saa tisa waondoke.

"Na Mama?" mtu aliuliza.

Kila mtu alikuwa amekwisha kulipima lile jambo kichwani na kukwama pale pale. Jeneza haliwezi kukata kona ya ukumbi. Mama hawezi kuinuliwa.

"Tutafanya hivi," Baba Mdogo alisema. "Simu zipo. Tutamwonyesha kwa simu, moja kwa moja, kila kitu. Shemeji atafuata kama yuko hapo."

Sauti ya Mama ilitoka kule ndani, dhaifu lakini kali. Kuta za ndani zilikuwa nyembamba, na watu walikuwa wamelisahau hilo.

"Nilimzaa kwa simu?"

Watu waligeuza vichwa kuelekea ukumbini.

"Nauliza! Mtoto nimembeba miezi tisa, leo mnataka nimuage kwenye kioo cha kiganja? Nitamgusa au nisimuage kabisa."

"Shemeji, tufanyeje sasa?" Baba Mdogo alipaza sauti. "Nyumba ndiyo hii!"

Kengele ya shule ikalia. Wote waliokuwa chumbani waliisikia, na hakuna aliyeifikiria. Dada peke yake alishika ukingo wa meza ya kukatia. Kamba aliifunga mafundo matatu kwa mkono wake. Alisubiri, akaomba kimoyomoyo kisigonge.

Kiligonga. Mara mbili. Kimya. Mara moja.

"Pita," Mama alisema kule ndani, kwa sauti ya kawaida.

Safari hii Dada hakwenda kutazama. Alijua kuwa hata akikuta kamba, au tawi, au ndege, neno lake lingekuwa palepale. Alisema mpaka siku atakapotoka mtu humu amebebwa, na sasa mtu ataletwa amebebwa. Ukuta uliobaki ulikuwa wake yeye, si wa Baba. Alisimama.

"Utobolewe."

"Nini?"

"Ukuta wa chumba cha Mama. Fremu ipo. Vioo vipo. Kitanda kina magurudumu."

Baba Mdogo alimtazama kama aliyepandwa na kitu. "Wewe ndiye uliyekataa! Ukuta wa kaka yangu? Kwa siku moja? Paa likiwaangukia je, tuzike watatu?"

"Baba Mdogo, nilikataa, na Mungu alisikia nilivyokataa," Dada alisema. "Niacheni nirudishe neno langu."

Asubuhi ya siku ya nne mafundi walikuja saba, wote wenzake Kweupe, na hakuna aliyekuja na suruali ya msibani. Walikuja na za kazi. Mama walimfunika uso kwa kitambaa chepesi kwa ajili ya vumbi, wakavuta kitanda mpaka upande wa pili. Fundi wa vioo ndiye aliyepiga nyundo ya kwanza, kutoka uani, akianzia juu ili waone watakavyolishikilia paa.

Akapiga mara ya pili, akasimama.

"Dada," aliita. "Njoo uone."

Chini ya plasta, juu, palikuwa na mkanda wa zege, umelala kutoka pembe hadi pembe, mpana wa mita tatu kasoro. Chini ya mkanda huo matofali hayakuwa yamejengwa kwa saruji. Yalijazwa kwa udongo, kama mtu anavyoziba mahali ambapo anajua atarudi kupafungua.

"Huyu aliyejenga aliacha nafasi ya mlango," fundi wa vioo alisema. "Akaiziba kwa muda."

Baba Mdogo alisogea, akaweka miwani. Aliufuata mkanda wa zege kwa macho kutoka pembe hadi pembe. "Alisema angemfanyia shemeji kibaraza," alisema hatimaye. "Mimi nikadhani ni maneno tu. Kisha akaugua."

Dada alikumbuka maji aliyokuwa akichota. Alikumbuka kwamba wakati wa ukuta ule baba yao alimwambia safari hii asilete mengi, udongo hauhitaji mengi. Miaka arobaini alikuwa nalo neno hilo kichwani na hakujua ni la nini.

"Kweupe alijua?" aliuliza.

Fundi wa vioo alifuta jasho. "Mtu wa kazi yetu akigonga ukuta anasikia kilichomo. Aligonga kila siku, sivyo?" Kisha akaongeza polepole, "Nilimwuliza mara moja kwa nini asikwambie. Akasema: 'Nikimwambia nitakuwa nimemshinda. Dada atafungua mwenyewe.'"

Dada aliingia chumba cha mbele, akaketi juu ya mapazia ya watu, akalia mpaka pumzi ikamwisha. Huko nyuma udongo uliendelea kuanguka, kwa sauti laini, bila haraka.

Saa saba fremu ilikuwa imesimama na milango imekunjwa upande mmoja. Sakafu ilisawazishwa kwa mbao, maana zege halikauki kwa kuombwa. Fundi wa vioo alimkabidhi Dada ufito. Aliulaza, akaupitisha kutoka ndani mpaka nje, polepole. Haukugusa. Alijua kinachotakiwa kusemwa, lakini mafundi walikisema kwa niaba yake: "Mama ametoka."

Magurudumu yalikuwa hayajatoka chumbani tangu siku yalipofungwa. Yalilia hatua ya kwanza, ya pili yakakubali. Mama alipofika chini ya anga alifumba macho kwa sababu ya mwanga, akayafungua kidogokidogo. Alitazama mlimau. Alitazama kamba ya nguo. "Mbona ua ni mdogo hivi?" alisema, na wanawake wawili waliokuwa wakilia walijikuta wamecheka.

Dada alikuja na shuka la kumkinga jua na macho ya watu. Mama alimzuia kwa mkono. "Usiniwekee pazia," alisema. "Leo acha."

Jeneza lililetwa uani likawekwa juu ya meza ya kukatia, kimo sawa na kitanda, ubavu kwa ubavu. Lilifunuliwa. Mama aligusa paji la uso la mwanawe, kisha kifua, kisha mkono wenye vidole vinne, akaushika kwa muda mrefu. Mchungaji alisali sala fupi. Kwaya iliimba wimbo mmoja. Kengele ya shule ililia katikati ya wimbo, na watu wachache waliojua walitazamana. Hakuna kilichogonga.

Wakafunika jeneza. Mama akainua mkono, akaligonga kwa kifundo cha kidole: mara mbili, akatulia, mara moja.

"Pita, mwanangu," alisema.

Mafundi sita walilibeba, watatu kila upande, na fundi wa vioo akatangulia. Walitoka kwa lango la uani. Mama alibaki kitandani chini ya mlimau pamoja na jirani mmoja. Makaburini mchungaji alisoma, Baba Mdogo alishukuru watu, na jeneza likashushwa kwa kamba. Dada alitupa udongo mara tatu kwa mkono wake wa kulia. Ilikuwa saa kumi kasoro. Wakafukia, wakasali, wakarudi nyumbani kwa miguu.